Honi kubwa za kujifungia kwenye gari Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Dar es Salaam, Mombasa au Goma, honi husema mengi: nipishe, nimefika, habari za asubuhi, abiria wa mwisho njoo. Ukishika usukani Marekani, sheria inaibakishia neno moja tu: hatari. Majibu haya yameandikwa kwa wanaoendesha huko, wa teksi za simu, wa malori na wa magari ya nyumbani, wanaofikiria kununua honi ya hewa au ile inayouzwa kwa jina la "honi ya treni".

Je, kufunga honi ya treni kwenye gari langu ni kosa?

Kwa majimbo mengi, kuifunga peke yake si kosa. Kosa ni inavyolia na unavyoitumia. Hakuna sheria moja ya shirikisho inayopanga ukali wa honi ya gari la mtu binafsi. Kila jimbo lina kanuni zake za magari. Lakini nyingi zinafanana karibu neno kwa neno, kwa sababu zilinakiliwa kutoka kanuni moja ya mfano. Zinataka mambo matatu: gari liwe na honi inayofanya kazi, isikike katika hali ya kawaida kutoka futi 200, yaani kama mita 61, na isitoe sauti kali au ya kukwaruza kupita kiasi, wala sauti ya filimbi.

Kumbuka hilo la kwanza. Anayeng'oa honi ya kiwandani na kubaki na ile kubwa pekee amejifunga kitanzi mwenyewe: sasa kila onyo analotoa linatoka kwenye kifaa ambacho askari anaweza kusema kimezidi. Na tangi likiisha hewa, hana honi kabisa, jambo ambalo nalo ni kosa. Bakisha honi ya kiwandani kwenye kitufe chake cha usukani, na honi kubwa ipe swichi yake peke yake.

Sheria inaruhusu desibeli ngapi?

Hili ndilo swali linalopoteza watu wengi. Katika kanuni za honi za majimbo mengi hakuna namba ya juu ya desibeli. Kuna kiwango cha chini tu, zile futi 200, na juu yake kuna maneno "kupita kiasi". Kwa hiyo muuzaji anayekuambia "hii iko chini ya kikomo cha jimbo" anataja kikomo ambacho kwa kawaida hakipo. Askari hahitaji kipima sauti. Anahitaji kusikia, kuona mazingira, na kuweza kuyaeleza mbele ya hakimu: ilikuwa saa ngapi, mtaa wa makazi au barabara kuu, kulikuwa na hatari gani, na mtembea kwa miguu alirukaje.

Majimbo yanatofautiana wapi hasa?

Zaidi ni katika maneno ya "kufungwa" na "kutumika".

California, kifungu cha 27000 cha kanuni za magari, kinataka futi 200 na kukataza sauti iliyozidi. Cha 27001 kinasema dereva apige honi pale tu inapohitajika kwa usalama, na kinakataza matumizi mengine isipokuwa king'ora cha kuzuia wizi. Cha 27002 kinakataza ving'ora kwa gari lisilo la dharura.

Texas ni kali zaidi kuhusu kifaa chenyewe. Kifungu cha 547.501 kinasema gari lisifungwe kengele, king'ora wala filimbi, na mtu asivitumie, ila magari ya dharura na kengele ya wizi kwenye gari la biashara. Honi ya hewa yenye sauti nzito haitajwi kwa jina. Ila kifaa cha bei rahisi chenye sauti nyingi za kuchagua, na mojawapo ikawa ya king'ora cha polisi, kinakuingiza kwenye katazo hilo hata kama hujawahi kubonyeza sauti hiyo. Soma orodha ya sauti kabla ya kulipa. Ohio nayo, kifungu cha 4513.21, inataka futi 200 na kukataza king'ora, filimbi na kengele kwenye magari ya kawaida.

Florida (316.271) na Illinois (12-601) zina maneno yaleyale ya kanuni ya mfano: toa onyo inapohitajika, lakini usitumie honi vinginevyo ukiwa barabarani. North Carolina (20-125) inakataza kutumia honi kwa jambo lingine lolote zaidi ya onyo la busara. Massachusetts haisemi honi tu: sura ya 90, kifungu cha 16, inakataza kuendesha gari kwa namna yoyote inayotoa kelele kali au ya kuudhi, kwa hiyo neno lenyewe ni pana. New York, kifungu cha 375, inataka honi yenye nguvu ya kuonya hatari lakini isiwe na ukali usio wa lazima.

Ukivuka mpaka unafuata sheria ya jimbo ulilomo, si ile ya namba ya gari lako. Mbali na jimbo kuna kaunti na jiji, na mara nyingi jiji ndilo lenye meno.

Kwa hiyo naruhusiwa kupiga honi lini? Msafara wa harusi je?

Mtoto amekimbilia barabarani, gari linarudi nyuma bila kukuona, mtu anahama njia juu yako: piga. Kumwita abiria aliye ghorofani, kusalimia, kukasirikia foleni, kushangilia timu, msafara wa harusi: kwa maandishi ya majimbo mengi hayo yote ni makosa, hata kwa honi ndogo ya kiwandani. Polisi wengi huuachia msafara wa harusi wa mchana upite. Kuachiwa si ruhusa, na honi ya treni katikati ya msafara ndiyo inayomfanya jirani apige simu.

Jambo hili limefika mahakamani, na majibu hayakuwa mamoja. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu kabisa ya jimbo la Washington, katika kesi ya State v. Immelt, ilifuta amri ya kaunti ya Snohomish iliyokataza kupiga honi kusiko na sababu ya usalama, kwa kuwa ilibana mno uhuru wa kujieleza. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ya shirikisho ya Mzunguko wa Tisa, katika kesi ya mwanamke aliyepiga honi kuunga mkono waandamanaji huko California, ikaamua kwamba kifungu cha 27001 kinasimama, kwa sababu jimbo lina haki ya kuilinda honi ibaki ishara ya hatari. Majaji waligawanyika wawili kwa mmoja. Kwa dereva wa California maana yake ni wazi: usitegemee uhuru wa kusema kukutoa kwenye tiketi ya honi.

Jiji la New York lina utaratibu wake?

Ndiyo. Kanuni ya kelele ya jiji inaruhusu honi kwa hatari iliyo mbele yako tu. Yale mabango ya "usipige honi, faini dola 350" yaliondolewa mwaka 2013 na wengi wakadhani sheria imeondoka nayo. Kilichoondoka ni mabango. Jiji pia limeweka kamera za kelele, yaani maikrofoni zilizounganishwa na kamera inayosoma namba ya gari, na tiketi hutumwa kwa mwenye gari bila askari kumsimamisha mtu. Kwa dereva wa teksi anayekodi gari, hilo linamfikia kupitia mwenye gari.

Naendesha lori. Honi ya hewa si kawaida kwetu?

Ni kawaida, na hutoka nayo kiwandani. Kanuni ya shirikisho kwa magari ya biashara, 49 CFR 393.81, inataka honi na kitufe chake viwe katika hali ya kutoa onyo la kutosha na la kutegemewa. Haisemi iwe ya hewa au ya umeme, wala haitaji desibeli. Honi mbovu ni kosa la ukaguzi wa barabarani na linaingia kwenye rekodi ya kampuni, kwa hiyo ijaribu kila asubuhi kabla ya kuondoka.

Hatari kwa lori ni pale unapochukua hewa. Honi za treni hunywa hewa nyingi kuliko ile ya kiwandani. Usizikatie bomba kwenye tangi la breki. Zichukulie hewa kwenye tundu la vifaa vya ziada, nyuma ya valvu ya kulinda presha, ambayo hujifunga presha ikishuka ili breki zisiibiwe. Bila valvu hiyo, bomba la plastiki la honi likipasuka linaondoa hewa ya breki: taa na mlio wa tahadhari huja karibu na psi 60 (psi ni kipimo cha presha), na kati ya psi 45 na 20 breki za springi hujikaza zenyewe popote ulipo, hata katikati ya njia ya kasi. Mkaguzi akiona bomba la breki limechomekewa honi ana haki ya kulisimamisha lori.

Na wale watoto wanaovuta mkono hewani kuomba honi? Kisheria si onyo. Ukijibu, jibu kwa honi ya kiwandani, mguso mfupi, pasipo na farasi wala mwendesha baiskeli karibu.

Boksi linasema desibeli 150. Ni kweli?

Uliza: zimepimwa wapi? Namba ya sauti bila umbali haina maana. Sauti hupungua kama desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Honi inayotoa 130 kwa mita 1 itakuwa kama 100 kwa mita 30. Sasa linganisha: kanuni ya reli ya shirikisho inataka honi ya treni halisi itoe kati ya desibeli 96 na 110 futi 100 mbele ya kichwa, ambazo ni mita 30 hivyohivyo. Kwa hiyo seti nzuri ya gari inakaribia treni kweli, bila kuhitaji namba ya 150.

Kinachotuhangaisha ni masikio. Mwongozo wa afya kazini wa Marekani unaotumika sana, wa NIOSH, unaruhusu desibeli 85 kwa saa 8, na muda unakatwa nusu kwa kila desibeli 3. Fanya hesabu hadi 115 na unabaki na nusu dakika kwa siku nzima. Hadi 130, chini ya sekunde 1. Anayesimama mita 1 mbele ya tarumbeta ukijaribu honi gereji anamaliza kipimo cha siku kwa mguso mmoja. Vaa vikinga masikio, ondoa watoto, fungua milango ya gereji.

Nafungaje honi ndogo yenye kompresa yake ndani?

Hii ndiyo tunayopendekeza kwa anayetaka kusikika bila kutafuta ugomvi. Tatizo lake moja ni umeme. Honi ya kawaida hula ampea 5 hivi, hii hula karibu 18 hadi 20. Ukiichomeka kwenye waya za zamani, fyuzi ya 10 au 15 inaungua siku ya kwanza. Anayeweka fyuzi kubwa zaidi kwenye waya uleule mwembamba amehamisha moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye waya. Dawa ni rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa, ya ampea 30 au 40.

Toa kwanza waya hasi wa betri. Kisha:

1. Pima kwa mita waya za honi ya zamani mtu akibonyeza usukani. Magari mengine hukata chanya, mengine hukata hasi.
2. Waya mbili za honi ya zamani ziingie miguu ya 85 na 86 ya rilei. Zikiwa mbili haijalishi gari linakata upande gani. Kama honi ni ya waya mmoja, waya huo uende 86, na 85 uende kwenye chuma cha bodi.
3. Kutoka chanya ya betri vuta waya wa milimita 3.3 za mraba, unaouzwa huko kama geji 12, hadi mguu wa 30. Fyuzi ikae si zaidi ya sentimita 45 kutoka betri, ampea 20 au 25 kama karatasi ya honi inavyosema.
4. Mguu wa 87 uende chanya ya honi. Hasi ya honi iende kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, kwa waya wa unene uleule.
5. Ifunge wima, mdomo ukiinama kidogo chini ili maji yatoke, mbali na bomba la moshi na feni.

Gari likiwa na honi mbili za kiwandani, tumia waya za moja kwa rilei na uiache nyingine ilie kama kawaida. Kwa magari mapya ambayo honi huendeshwa na kompyuta ya bodi, nunua rilei yenye diodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ndani, kwa sababu koili ya rilei hurudisha mshtuko wa umeme inapozimwa. Na diodi ina upande wake, ukigeuza 85 na 86 utaiunguza.

Na seti ya tangi na tarumbeta?

Hapa kuna kompresa, tangi, swichi ya presha, valvu ya umeme na tarumbeta tatu au nne. Kompresa za ukubwa wa kati hula hadi ampea 30, kwa hiyo waya wa geji 10 na fyuzi ya 40. Kwenye seti za psi 150, swichi ya presha huiwasha kompresa karibu na psi 110 na kuizima karibu na 145. Tangi la galoni 2 hukupa sekunde chache tu za mlio. Galoni 5, yaani lita 19, ni afadhali, lakini pima nafasi chini ya gari kabla ya kuagiza.

Watu huokoa pesa mahali pasipofaa: valvu ya usalama juu ya tangi, valvu ya kuzuia hewa kurudi kwenye kompresa, na bomba la kutoa maji chini ya tangi. Bila ya kwanza, swichi ya presha ikikwama kompresa inaendelea kujaza tu. Ungia nyuzi kwa tepu ya tefloni, ukiacha uzi wa kwanza wazi ili vipande visiingie kwenye valvu, kisha paka maji ya sabuni kila kiungo na utafute mapovu. Tangi likipoteza presha usiku mmoja, kuna kiungo kinavuja. Usiache kompresa ihangaike kulijaza hadi betri ife.

Ongeza bomba la kufunga hewa kwa mkono kati ya tangi na tarumbeta. Litakusaidia kwa namna mbili: valvu ikikwama wazi unainyamazisha, na ukiingia mjini unaifunga kabisa.

Honi imekwama inalia haizimi. Kwa nini?

Minnesota, Maine au Iowa wakati wa baridi, sababu ni barafu mara nyingi. Kompresa huvuta unyevu, maji hutulia kwenye tangi, husukumwa hadi kwenye valvu na kuganda ikiwa wazi. Toa maji kila wiki, na kila siku baridi ikishuka chini ya sifuri. Sababu nyingine ni rilei iliyoungana ndani kwa kubeba ampea zaidi ya uwezo wake. Ikilia kwa unyonge badala yake, angalia hasi iliyofungwa juu ya rangi au kutu, au bomba la inchi 1/4 lililowekwa mahali pa inchi 1/2.

Naweza kuunganisha kwenye usukani wenye mfuko wa hewa?

Usifungue usukani. Mfuko wa hewa una kilipuzi, na waya uliojiviringa ndani ya usukani ukikatika unaondoa honi na mfuko kwa pamoja. Kila kazi iliyoelezwa hapa inafanyika mbele, chini ya boneti.

Kuhusu dhamana, sheria ya shirikisho ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss haimruhusu muuza gari kukataa dhamana nzima kwa sababu tu umefunga kifaa cha nje. Lakini ikionekana waya zako ndizo zilizounguza kompyuta, gharama ni yako. Mjulishe pia wa bima.

Gari litapita ukaguzi?

New York, Pennsylvania na Virginia ni miongoni mwa majimbo yanayokagua magari binafsi, na honi hukaguliwa. Texas iliacha ukaguzi wa usalama kwa magari yasiyo ya biashara tangu Januari 2025, ila sheria ya honi yenyewe haikuguswa. Kitufe cha usukani kikipiga honi ya kiwandani, na waya zako zikiwa zimefungwa vizuri, fundi hana sababu ya kukurudisha.

Nimepewa tiketi. Nifanye nini?

Soma namba ya kifungu kabla ya jambo lolote. Kuna makosa ya kifaa na makosa ya kutumia. California, kosa la kifaa likiandikwa kuwa la kurekebishwa, unarekebisha, unapata saini ya askari au afisa anayeruhusiwa, na unalipa mahakama dola 25. Kosa la kupiga honi bila sababu halina cha kurekebisha. Hapo unalipa au unajitetea kwa kueleza hatari uliyoiona. Video ya kamera ya dashibodi inasaidia kuliko maneno, ihifadhi siku hiyohiyo. Usikae kimya: katika baadhi ya majimbo kutofika mahakamani kunaweza kugeuza faini ndogo kuwa leseni iliyosimamishwa. Kama Kiingereza cha mahakama kinakupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili mapema kupitia ofisi ya karani.

Pikipiki, gari la umeme, na zile honi za kushika mkononi?

Pikipiki inafuata futi 200 zilezile, na honi ndogo yenye kompresa inaifaa sana. Angalia tu kwamba alternata ndogo inamudu mguso mfupi, si mlio mrefu.

Gari la umeme lina jambo la ziada: sheria inataka litoe sauti ya kuwaonya watembea kwa miguu likienda polepole. Februari 2022 Tesla iliyaita magari 578,607 yarekebishwe kwa sababu sauti za burudani za Boombox ziliweza kuifunika sauti hiyo, na marekebisho yakaizuia gari likiwa kwenye gia ya kwenda au kurudi. Spika ya nje unayojifungia inaweza kuleta shida ileile.

Honi za mkononi zinazotumia betri ya drili hazijafungwa kwenye gari, kwa hiyo watu hudhani ziko huru. Sheria za jiji za kelele na kosa la kuvuruga amani zinazifikia, na ukimshtua mtu akaanguka barabarani, kesi ya fidia nayo. Zinafaa shambani, uwanjani palipo na ruhusa, na ziwani kwenye boti.

Nje ya barabara, kwenye kiwanja changu?

Kanuni nyingi za honi zinahusu gari likiwa barabarani, kwa hiyo kwenye shamba lako hazikubani. Kinachokubana ni kelele kwa jirani na saa unayopiga. Kama kuna njia ya reli karibu, usiijaribu hapo: kichwa cha treni kikikaribia makutano hupiga mrefu, mrefu, mfupi, mrefu, na watu wanaishi kwa kuuamini mlio huo.